Mwanafunzi kaniuliza: "Mwalimu, wewe ungepanda roketi?" Walimu wenzangu, ninyi mngepanda?

Mwalimu_Chaki

Habari zenu wote. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu juma lililopita, naomba mnisaidie kulifikiri.

Nafundisha fizikia. Tulikuwa kwenye kanuni ya tatu ya Newton, nikabandika picha ya roketi ikiruka ili waone gesi inasukumwa chini na chombo kinapanda juu. Kutoka hapo nikajikuta nawasimulia habari za Christa McAuliffe, mwalimu wa maarifa ya jamii kutoka Concord, New Hampshire. Walimu zaidi ya 11,000 wa Marekani waliomba nafasi ile, yeye akachaguliwa Julai 1985 awe mwalimu wa kwanza kwenda anga za juu. Alikuwa ameandaa masomo mawili ya kufundisha kwa televisheni akiwa huko huko juu. Hakuyafundisha. Tarehe 28 Januari 1986 chombo chao, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa wote 7, na shule nyingi za nchi yake zilikuwa zinatazama mubashara kwa sababu mwalimu alikuwemo.

Darasa likawa kimya. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye ni nadra sana kunyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, wewe ungekwenda?" Nikasema ndiyo kabla hajakaa. Akauliza tena: "Na sisi tungekuwa tunakutazama?"

Nikawaambia wafungue daftari. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Nimeshika chaki miaka 19. Nafasi hiyo ningeitaka kwa moyo wote, hilo silifichi. Lakini rubani wa majaribio anakwenda kwa ajili ya kazi yake. Mwalimu anapelekwa kwa ajili ya watoto, na watoto hao hao ndio wanaokalishwa mbele ya runinga. Je, ni haki? Tafadhali msinijibu kwamba hata barabarani watu wanakufa. Hilo nimeshajiambia na halikunitosha.

Fundi_Bawa

Mwalimu, heshima yako. Mimi ni fundi wa ndege. Kazi yangu ni kukagua na kutia sahihi kwamba ndege inafaa kuruka, kwa hiyo nitasema upande ninaoujua.

Challenger ilikuwa na roketi mbili za ubavuni zilizojazwa fueli ngumu. Zilikuja kwa vipande vikaungwa, na kwenye maungio kulikuwa na pete za mpira za kuzuia moto usipenye. Mpira ukipata baridi unakakamaa, haurudi haraka kwenye umbo lake. Asubuhi ile ilikuwa kama nyuzi 2 za Selsiasi. Kabla ya hapo, kuruka kwa baridi zaidi kulikuwa kama nyuzi 12, na hata siku hiyo pete zilirudi zimeungua. Usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo, Roger Boisjoly akiwa mmoja wao, waliomba iahirishwe. Wakubwa wao wakaamua vingine.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Baada ya ajali, mwanafizikia Richard Feynman alikuwa kwenye tume ya uchunguzi. Aligundua kwamba mameneja walikadiria uwezekano wa kupoteza chombo ni 1 kati ya 100,000. Maana yake urushe chombo kila siku kwa zaidi ya miaka 270 upoteze kimoja tu! Wahandisi wa chini walisema ni kama 1 kati ya 100. Vyombo vile viliruka mara 135 hadi vilipostaafishwa mwaka 2011, na viwili vilipotea na watu wake, Challenger na Columbia ya 2003. Gawanya mwenyewe uone nani alikuwa karibu na ukweli.

Mimi nikijua gurudumu lina ufa kisha nikamwambia abiria apande tu, huyo abiria hakukubali hatari yoyote, nimemdanganya. Ndiyo maana swali la kama mwalimu aende au asiende kwangu linakuja la pili. La kwanza ni kwamba anapotia sahihi, amepewa tarakimu ya nani?

Halafu kuna suala la mlango wa kutokea. Kwa dakika mbili za mwanzo, zile roketi za ubavuni zikiwaka, wafanyakazi wa Challenger hawakuwa na njia yoyote ya kujiokoa. Linganisha na Oktoba 2018: roketi ya Kirusi ya Soyuz iliharibika ikiwa njiani, kapsuli (chumba walimokaa wanaanga) ikajing'oa, Aleksey Ovchinin na Nick Hague wakatua wazima. Machi iliyofuata wote wawili wakaruka tena wakafika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kwenye chombo cha namna hiyo, mwalimu apande.

Mama_Pacha

Fundi umeeleza vizuri, ahsante, lakini mimi nasema hapana.

McAuliffe alikuwa na miaka 37 na watoto wawili, mkubwa miaka 9, mdogo 6. Mimi nina wa umri huo nyumbani. Najua mtoto wa miaka 6 anavyomngoja mama yake mlangoni. Hao wawili wamekuwa watu wazima huku dunia nzima ikiirudia ile picha ya moshi kila Januari. Nani aliwauliza wao?

Na faida ilikuwa nini hasa? Nimesoma kwamba mwaka 2018 wanaanga wawili, Joseph Acaba na Richard Arnold, waliyafanya baadhi ya masomo yake wakiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, yakarekodiwa. Basi imewezekana bila kumtoa mwalimu darasani. Waende waliosomea kazi hiyo, mwalimu abaki na watoto.

Bibi_Mstaafu

Mama Pacha mwanangu, uchungu wako naujua, nami nimelea. Ila hapo mwishoni umeteleza. Acaba na Arnold wote wawili walikuwa walimu wa shule. Walichukuliwa mwaka 2004 kwa sababu ni walimu, wakafunzwa hadi wakawa wanaanga kamili. Na angalia mwaka huo: Columbia ilikuwa imeanguka Februari 2003. Waliingia wakijua.

Nishangae kidogo kwamba hakuna aliyemtaja Barbara Morgan. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko McCall, Idaho, na ndiye aliyekuwa msaidizi wa McAuliffe. Walifanya mazoezi pamoja miezi kadhaa. Mmoja akiugua, mwingine anaziba nafasi. Siku ile alikuwa palepale Florida, akaona kwa macho yake. Akarudi Idaho kufundisha. Mwaka 1998 akaitwa kama mwanaanga kamili, na Agosti 2007 akaruka na Endeavour, chombo cha aina ileile ya Challenger, akiwa na kazi yake halisi ya kuendesha mkono wa roboti. Hesabuni: tangu ile Januari hadi siku yake ni miaka 21 na ushee.

Huyo ndiye ninayemfikiria ninaposoma swali lako, Mwalimu. Katika walimu wote duniani, hakuna aliyekuwa na sababu kubwa kama yake ya kukataa. Alijua habari za pete, alijua usiku ule wahandisi walisema nini, alijua na ya Columbia. Akapanda. McAuliffe alikubali kwa moyo mzuri lakini kwa maelezo mabovu. Morgan alikubali akiwa macho. Kwangu mimi tofauti yote iko hapo, na Fundi ameigusa.

Kuhusu watoto kutazama, nakubaliana na Mama Pacha kuliko anavyodhani. Nilifundisha darasa la pili na la tatu maisha yangu yote ya kazi. Mtoto wa umri ule hatofautishi mwalimu wa kwenye runinga na wa kwake. Wasionyeshwe kurushwa. Waonyeshwe somo, mwalimu akishafika salama. Na yule binti wa dawati la nyuma usimwache hivihivi. Aliuliza kwa sababu anakupenda. Mjibu.

Mwalimu_Chaki

Shikamoo Bibi. Maneno yako ya mwisho yalinikosesha usingizi, na leo nimemjibu.

Nimewaambia darasa zima kwamba bado ningekwenda, ila kuna mambo ningeyataka kwanza. Ningetaka kuzungumza ana kwa ana na wahandisi waliozishika zile pete, wala si wakubwa wao tu. Ningetaka chombo chenye namna ya kujinasua. Ningetaka nifunzwe kazi ya kweli ndani ya chombo kama Morgan. Na nikawaambia wao wasingetazama nikiruka, wangenisubiri hadi siku ya somo.

Mama Pacha, nilipotaja watoto wawili wa McAuliffe nilishindwa kuendelea kwa muda. Hoja yako sijaijibu, na sidhani kama ina jibu kwa mtu asiye mzazi wa hao watoto.

Binti akanyoosha mkono. Akasema: "Mimi ningetaka kutazama tangu mwanzo. Usingetuficha." Wenzake wakagawanyika, nusu upande wake, nusu upande wangu, kipindi kikaisha wakiwa bado wanabishana na mimi nimekaa pembeni nasikiliza.

Fundi, nina ombi. Nimesoma kwamba Feynman alibana kipande cha ile pete, akakitia kwenye maji ya barafu mbele ya tume. Nikitaka kuwaonyesha wanafunzi, nitumie mpira gani?

Fundi_Bawa

Tafuta pete za mpira za mabomba, za aina mbalimbali, maana mpira mmoja si sawa na mwingine. Ibane kwa jiriwa ndogo, itie kwenye maji yenye barafu nyingi dakika kumi hivi, kisha ifungue waone inavyochelewa kujirudi. Bana nyingine ya aina hiyohiyo bila barafu iwe ya kulinganisha. Jaribu nyumbani kwanza, kuna zinazovumilia baridi na hutaona tofauti.

Na mpe yule binti ndiye aifungue.