Mjadala: Kombe la FA la 1988 ni la nani, AFC Wimbledon au MK Dons?

Mpiga Debe

Wadau, habari za jioni. Jana kijiweni nusura tushikane mashati kwa ajili ya timu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona uwanjani. Kahawa iliisha, jibu halikupatikana, mjadala nauleta huku.

Kwa asiyelijua sakata lenyewe. Wimbledon FC ilianzishwa 1889 kusini magharibi mwa London. Ilikaa kwenye soka la ridhaa miaka nenda rudi hadi 1977 ilipoingia kwenye ligi ya kulipwa. Miaka 11 baadaye, Wembley, ikamfunga Liverpool 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA. Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa, Dave Beasant akapangua penalti ya John Aldridge. Halafu mambo yakaenda mrama. 1991 wakaondoka kwenye kiwanja chao cha Plough Lane wakawa wapangaji wa Crystal Palace, na kiwanja baadaye kikauzwa kwa kampuni ya supamaketi. Mei 2002 jopo la watu watatu lililoundwa na FA likaamua, wawili dhidi ya mmoja, kwamba wamiliki wanaruhusiwa kuihamishia timu Milton Keynes, mji ulio karibu kilomita 90 kutoka hapo. Huko ndiko 2004 ikabadilishwa jina kuwa MK Dons. Fikiria Simba ihamishiwe Chalinze, umbali unakaribiana.

Mashabiki hawakukaa kulia. Ndani ya wiki chache wakaunda AFC Wimbledon na kutangaza majaribio pale Wimbledon Common, kwenye nyasi za umma ambako watu hutembeza mbwa. Walijitokeza wachezaji 230 kugombea namba kwenye timu isiyo na chochote! Mechi ya kwanza, Julai 2002, wakachapwa 4-0 na Sutton United, na bado waliokuja kuitazama walizidi 4,500. Wakaanzia chini kwenye ligi ya ridhaa ya Combined Counties, wakacheza mechi 78 za ligi mfululizo bila kufungwa, na 2011 wakamtoa Luton Town kwa mikwaju ya penalti na kurudi kwenye ligi ya kulipwa. Misimu 9, kupanda daraja mara 5.

Msimamo wangu: kombe ni la hawa. Kilichohamia Milton Keynes ni nafasi ya kwenye ligi tu, mashabiki walibaki.

Wakili wa Kijiweni

Mkuu, umeandika vizuri ila umeongozwa na huruma. Juni 2003 Wimbledon FC ilikuwa hoi kifedha, iko mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Bila fedha za Milton Keynes ingekufa, na maiti haina kombe. Halafu mbona Arsenal hamuisemi? Ilihama Woolwich 1913 ikaenda Highbury, upande wa pili kabisa wa mto Thames. Hakuna anayewadai watu wa Highbury historia ya Woolwich.

Mpiga Debe

Wakili, Arsenal ilihama ndani ya London ileile na mashabiki wa Woolwich wenye nauli waliendelea kuifuata. Na kuna jambo unaliruka: 2007 MK Dons wenyewe walikabidhi mfano wa Kombe la FA na kumbukumbu nyingine kwa halmashauri ya Merton, ambako Wimbledon ipo. Siku hizi wanahesabu historia yao kuanzia 2004. Mwenye shamba anayerudisha hati mwenyewe, wewe unamtetea kwa lipi?

Mzee wa Ngamiani

Wanangu, mimi AFC nawapenda, lakini nao wana utoto wao. Septemba 2017 MK Dons walipokwenda kucheza Kingsmeadow, uwanja wa AFC wa wakati huo, ubao wa matokeo ukaandikwa "Milton Keynes" tu. Neno Dons, jina la utani la Wimbledon ya zamani, halikuonekana. Wakubwa wa ligi wakawafungulia mashtaka, baadaye wakayafuta. Kijana aliyezaliwa Milton Keynes 2004 ana kosa gani? Timu aliyoikuta nyumbani ndiyo hiyo. Huyo mtoto, Desemba 2012 timu hizi zilipokutana mara ya kwanza, alimwona Otsemobor akifunga kwa kisigino dakika za nyongeza na MK Dons wakashinda 2-1. Hiyo ni historia yake halali, wala hakumwibia mtu.

Binti Mbarali

Shikamoo Mzee. Mimi naumia kuliko nyie wote. Siku Ihefu, timu yetu ya Mbarali, inamfunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, Novemba 2022, na kumkatia mechi 49 bila kufungwa, nilikuwepo na mwanangu mgongoni. Kesho yake mashambani kwetu jembe halikushikwa, ni kusimuliana tu. Leo timu ile imehamia Singida na inaitwa Singida Black Stars. Wa Singida sina ugomvi nao. Swali langu ni moja: kwa nini wale wa London waliunda timu yao, na sisi tuliishia kulalamika kwenye bajaji?

Mzee wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Hapo umegusa donda.

Mpiga Debe

Dada, nadhani ni umiliki. Wale waliunda chombo chao, Dons Trust, mashabiki wakashika hisa nyingi, kila mwanachama na kura moja. Na kazi yenyewe haikuwa ya msimu mmoja. Kurudi Plough Lane kuliwachukua miaka 29, tena si palepale, ni jirani, kwenye eneo la uliokuwa uwanja wa mbio za mbwa. Fedha zilipopungua wakauziana hati fungani, wakakusanya zaidi ya pauni milioni 5. Mechi ya kwanza ikawa Novemba 2020, sare ya 2-2 na Doncaster, majukwaa matupu kwa sababu ya korona. Waliotoa fedha zao waliitazama kwenye runinga.

Wakili wa Kijiweni

Ya 2007 naikubali, umenibana. Ya Arsenal bado naishikilia. Kesho kijiweni, kahawa juu yako.