Nimeletewa papi wa Japanese Spitz, ninunue nini kwanza? Chakula cha dukani au cha kupika, kola au mkanda wa kifuani, dawa ipi ya kupe

mama_mapacha_tabata
Habari zenu wapendwa. Baba watoto kaja na surprise ijumaa, katoto ka mbwa keupe kamejaa manyoya, watoto wamechanganyikiwa kwa furaha mi nimechanganyikiwa kwa mengine. Aliyemuuzia kasema ana wiki kumi na ana kilo mbili, kachanjwa "zote" ila kadi ya chanjo hakuna, eti imebaki kwa mwenye mama yake. Sijawahi kufuga mbwa wa ndani, kwetu tulikuwa na mbwa wa kawaida wa ulinzi anakula ugali na utumbo na alikaa miaka kumi na mbili hajawahi kuona daktari.

Sasa hela niliyotengewa sio nyingi na kila duka naloingia linanishauri kitu chake. Nimebaki njia panda kwa mambo matatu: chakula cha punje au nipike, kola ya shingoni au ule mkanda wa kifuani, na kupe nimuogeshee dawa ya maji (jirani anayo ya ng'ombe kasema atanigawia kidogo) au nimpe kile kidonge cha kutafuna ambacho nimeshauziwa tayari kiko kwenye friji. Mwenye uzoefu anilinganishie tafadhali. Halafu mama mkwe anakuja jumatano na hapendi mbwa sebuleni, hilo nalo.

baba_simba
Hongera dada. Chakula pika tu, hao wa madukani wanataka hela zenu. Wali, nyama ya kusaga, karoti, basi. Mbwa ni mbwa.

kipusa_wa_tegeta
@baba_simba mbwa ni mbwa ila huyu ni saizi ya papai kaka. Nilipika hivyo hivyo miezi miwili, nyama na wali, nyama na wali, nikajiona mama bora, dogo akaanza kuchechemea miguu ya mbele imepinda kidogo. Dokta akaniambia nyama haina chokaa (kalsiamu) ya kutosha na mifupa ya mtoto inakua haraka, kwaiyo mwili unaanza kuichota kutoka kwenye mifupa yenyewe. Alipona, lakini nilitumia hela nyingi kuliko hiyo mifuko niliyokuwa naikwepa. Na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka vijiti.

Mimi nilichokuja kufanya ni punje za papi wa mbegu ndogo ndo chakula chenyewe, af juu naweka kijiko cha kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala kitunguu ili apate hamu. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwao, hata ule mchuzi wake tu, kwaiyo makombo ya pilau msahau.

ruaka_girl
Sasa mama mapacha, mimi niko Kenya huku Spitz ndio ziko kila ploti lol. Kuhusu chakula niongeze tu, usinunue ile ya kupimiwa kwa kilo kutoka gunia liko wazi kwa duka. Ni rahisi, ndio, lakini huoni tarehe, mafuta yake imeshaoza, na hujui ni ya papi ama ya mbwa mkubwa. Nunua kamfuko kadogo kamefungwa.

Na kitu ingine, hiyo story ya "amechanjwa zote" bila kadi, mimi nilidanganywa hivyo hivyo. Nilinunua wangu wa kwanza barabarani, kwa gari, amevaa ribbon. Siku ya nne akaanza kutapika, siku ya tano anaharisha damu, harufu yake siwezi sahau. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu. Alikufa akiwa kwa dripu. So bila kadi hesabu ni kama hajachanjwa, anza upya.

fundi_geji
Mimi nitajibu la mkanda maana hapo ndo nina maneno. Mkanda wa kifuani, usijadili. Hawa wadogo koo lao, ule mrija wa hewa, ni laini, ukimvuta na kola kila siku mrija unabanwa, na kama ni wale wenye mrija unaolegea inazidisha, ukubwani anaanza kukohoa kama bata anayelia, ukimsikia usiku unafikiri kuna mtu anasukuma baiskeli haina grisi. Kola mvalishe nyepesi ya kubebea namba ya simu tu, kamba ya kumuongozea ifungwe kifuani.

Ila huna haja ya kununua ya bei mbaya, kwa umri huo ataiacha ndani ya mwezi. Mi nilichukua mikanda ya begi la shule lililochanika nikampelekea fundi cherehani hapa mtaani, akanishonea na vile vibuckle vya kurefusha na kufupisha, ikamtosha hadi miezi mitano. Kipimo ni vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili, visipite vitatu. Fundi alicheka sana siku namuelekeza, akaniuliza shati lake linakuja lini.

afisa_mifugo_kata
Salaam. Mama mapacha, kabla hujafanya lolote naomba unijibu, huyo mtoto umempima uzito kwa mizani mwenyewe au ni hiyo kilo mbili ya muuzaji?

Nauliza kwa sababu hicho kidonge kwenye friji. Vingi vya aina hiyo boksi limeandikwa kuanzia wiki 8 NA kilo 2, na vinauzwa kwa madaraja ya uzito. Na hiyo ya jirani ya ng'ombe usiiguse. Baadhi zina amitrazi, sumu ya kuua kupe, na watu wanapima kwa kizibo kwa macho. Ng'ombe ana kilo mia tatu, huyo wako hata bakuli la mboga hajai. Nimeshaletewa wawili namna hiyo, wa kwanza alikuja amelegea, mate yanatiririka, mwili wa baridi, moyo unapiga polepole. Aliponea chupuchupu. Wa pili alifika kwenye ndoo ileile aliyoogeshewa, mwenyewe aliniletea kama ushahidi.

mama_mapacha_tabata
Jamani mmenitisha. Mizani ninayo ile ya jikoni ya kupimia unga wa keki. Ngoja.

mama_mapacha_tabata
Nimerudi. Nimeweka bakuli la plastiki juu, nikabonyeza irudi sifuri, nikamuweka. Mara ya kwanza kakojoa humo humo. Mara ya tatu ndo katulia kidogo. 1,240. Yaani kilo moja na robo haifiki!!! Kilo mbili ya nani sasa?

afisa_mifugo_kata
Ndo hivyo. Na kama uzito umeongezwa, umri nao huenda umeongezwa. Mpeleke daktari aangalie meno. Kidonge kirudishe dukani kama boksi halijafunguliwa.

Kwa uzito huo kuhusu kupe ulinganisho wangu ni huu. Maji ya kuogeshea, hapana. Kidonge, bado. Dawa ya kupuliza ya fipronili iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa (sio ile ya shambani, tafadhali, jina la kiambata ni moja lakini sio kitu kimoja), hiyo ipo ya kutumika hata kwa watoto wadogo sana, kiasi kinahesabiwa kwa uzito. Ina spiriti, kwaiyo pulizia penye hewa, mbali na jiko, umkaushe asipate baridi, watoto wasimshike hadi akauke. Kama mna sungura hapo nyumbani isimguse, inaua sungura. Na kupe kadhaa tu unaweza kuwatoa kwa kibano, shika karibu na ngozi vuta taratibu bila kuzungusha. Angalia masikioni na katikati ya vidole. Usipuuzie, kupe hawa wa kahawia wanaleta homa inayomaliza chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, mbwa anatoka damu puani.

kipusa_wa_tegeta
Kilo moja na robo na baba_simba alitaka ampikie wali wa msiba 😂

Sasa kwa uzito huo kitu cha kuogopa zaidi ni sukari kushuka. Wadogo hivi hawana akiba mwilini, akikosa kula usiku mzima asubuhi unamkuta hajiwezi. Wangu ilinitokea saa kumi na moja alfajiri, nimeamka kuswaki nikamkuta kalala ubavu, ufizi mweupe, shingo haishiki, baridi kama kitambaa cha deki. Nikapiga mayowe kama nimeona chatu. Jirani akaja na asali, tukampaka kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, usimmiminie atapaliwa iende mapafuni. Dakika kumi hivi akaanza kulamba, tukamfunga kwenye kanga hao kwa dokta. Toka siku ile asali au glukosi ya unga haikosi kwenye kabati, na analishwa mara nne, ya mwisho saa nne usiku kabla sijalala. Dokta alinipigia hesabu gramu 70 kwa siku akiwa na uzito kama wa wako, nagawa mara nne. Kwa hesabu hiyo mfuko wa kilo 3 unakaribia mwezi na nusu, ila anakua kwahiyo sema mwezi na wiki. Sasa gawanya bei uone kama kweli ni ghali kuliko nusu kilo ya nyama kila siku ya pili.

baba_simba
Sawa sawa nimeelewa nimekaa chini. Ila maziwa si mnampa?

kipusa_wa_tegeta
Ya ng'ombe yanamharisha. Maji tu.

bi_shuu
Kuhusu mama mkwe, sisi ni Waislamu na tunaye, wa ulinzi lakini mdogo mdogo. Tumemuweka baraza ya nyuma, ana chombo chake na taulo lake, haviingii jikoni. Kwetu Shafii akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwaiyo ni rahisi zaidi kutenga tangu mwanzo kuliko kugombana kila siku. Ila yako ni mchanga mno kulala nje peke yake, hata Dar kuna baridi ya alfajiri na mvua. Muwekee boksi la maji ya chupa, kata upande mmoja, nguo kuukuu chini, liwe korido au stoo yenye hewa. Mama mkwe akiona ana mpaka wake atapoa. Wangu ilimchukua mwezi.

Haja, pedi za dukani ni nzuri ila zinaisha kama mkate. Magazeti yanatosha. Mpeleke hapo kila akiamka na kila akimaliza kula, utapata faida bila kununua chochote.

ruaka_girl
Na usimtembeze kwa barabara hadi amalize chanjo, huku vet walituambia zinarudiwa kila wiki tatu hivi hadi apite wiki 16, juu kinga ya mama yake inaweza zuia zile za kwanza kushika. Lakini mbebe mikononi aone pikipiki aone watu, asije akawa muoga. Viatu viache mlangoni, parvo inakaa kwa udongo zaidi ya miezi. Mimi nilipiga nyumba yote Jik ya kuchanganya na maji na bado vet alinikataza kuleta papi mwingine mwaka mzima.

afisa_mifugo_kata
Naunga mkono. Dawa ya minyoo nayo, kila wiki mbili hadi afike wiki 12 halafu kila mwezi hadi miezi sita, kipimo kwa uzito tena. Chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3 na kila mwaka, hiyo ulizia halmashauri yenu, karibu na tarehe 28 Septemba huwa kuna kampeni. Panadol usimpe hata robo. Na msimnyoe eti joto, hayo manyoya yana tabaka mbili, mchaneni tu.

mama_mapacha_tabata
Mrejesho, zimepita siku kumi na mbili samahani nilikuwa na wageni (mnajua nani).

Dokta kaangalia meno kasema siku ile alikuwa hajafika hata wiki 8. Kaanzishwa chanjo upya na kadi ninayo, jina kaandikiwa Popo, watoto walichagua kwa kura. Kidonge dukani walikataa kurudisha hela wakanibadilishia kwa mfuko wa chakula, nikaongezea kidogo, nimeona bora. Kupe nilikuta wanne tu sikioni nikatoa kwa kibano, halafu dokta akampuliza. Mkanda kashona fundi wangu wa sare za shule, rangi ya zambarau sijui kwanini. Maziwa baba watoto alimpa kwa siri usiku wa pili, aliyefua boksi ni yeye.

Mizani imehama jikoni moja kwa moja nimenunua nyingine ya keki. Kila asubuhi kabla hajala tunampima, mapacha wanaandika kwenye daftari, mmoja anashika bakuli mmoja anasoma namba. Siku ya tano ilishuka gramu 30 nikaogopa, kumbe alikuwa hajala vizuri usiku, nikamuongezea kuku juu akarudi. Leo 1,520.

Mama mkwe alikaa siku nne anapita korido amekunja dera lake hadi magotini. Jana nipo jikoni nikamsikia anauliza watoto, "Enhe, na leo kafika ngapi?"