Laurence Olivier kujipaka weusi awe Othello: tumheshimu au tumlaumu?

Mpenda Jukwaa: Wakuu, juzi nimeirudia sinema ya Othello ya 1965, ule mchezo wa Shakespeare wa jemadari wa Venisi mwenye asili ya Afrika. Olivier, mwigizaji Mzungu wa Uingereza, anaingia ameshika waridi jekundu, analinusa taratibu, mwili umepakwa weusi hadi unang'aa. Huyu ndiye aliyepata Oscar kwa Hamlet na kuwa mkurugenzi wa kwanza wa National Theatre, London. Nilishindwa kuendelea, nikazima. Je, tumsamehe kwa sababu zama zake ziliruhusu?

Mzee Kigoda: Mdogo wangu, humtendei haki. Aliifanyia sauti yake mazoezi mpaka ikashuka, ikawa nzito ya kutoka tumboni. Shuleni tulipoigiza Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, tulijipaka unga usoni tuwe Wazungu. Nani alituita wabaguzi? Halafu Othello hakuwa mweusi, alikuwa Mwarabu wa Moroko.

Binti Mvita: Shikamoo mzee. Hayo ya Olivier nawaachia, ila hapo kwenye "hakuwa mweusi, alikuwa Mwarabu" umenigusa pabaya. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mwarabu, na alikuwa mweusi kama chungu. Nani kakwambia mtu hawi vyote viwili?

Jicho la Tatu: Someni mchezo wenyewe. Maadui zake mle ndani ni Roderigo na Iago: Roderigo anamsimanga Othello kwa midomo minene, Iago anamwita kondoo dume mweusi.

Mzee Kigoda: Marahaba binti. Wewe Jicho, Iago huyo huyo anamwita farasi wa Barbary, yaani Afrika Kaskazini. Umesoma nusu ukakimbilia kuandika.

Jicho la Tatu: Nimesoma wote, mzee. Moroko nayo ina watu weusi, au hao huwahesabu?

Mpenda Jukwaa: Jamani, turudi kwenye mada. Tusisingizie zama. Ira Aldridge, mweusi kutoka Marekani, alicheza Othello katika ukumbi wa Covent Garden, London, mwaka 1833. Paul Robeson akaicheza London 1930, tena Stratford 1959, miaka mitano tu kabla Olivier hajaipandisha jukwaani. Weusi wa kuicheza walikuwepo. National Theatre ilikuja kumpa mweusi nafasi hiyo 1997, David Harewood. Na ule unga wenu wa shule, mzee, ulimnyima Mzungu gani kazi?

Mzee Kigoda: Unga nilipakwa mimi, usinifundishe ulivyokuwa. Sinema hiyo iliwapa waigizaji wanne uteuzi wa Oscar, Maggie Smith akiwemo. Wote waliowateua walikuwa vipofu?

Mpita Njia: Na 1966 akajipaka tena, safari hii awe Mahdi, yule kiongozi wa dini wa Sudan, kwenye sinema ya Khartoum. Mara moja ningesema kapitiwa. Mara mbili?

Mzee Kigoda: Mahdi naye mtasema alikuwa nani, Mwarabu au mweusi?

Binti Mvita: Mzee wangu, anza na babu yangu. Bado hujanijibu.