Wakili wa talaka na malezi ya watoto: niulize nini kabla ya kusaini?

Subira_K

Habari zenu wadau. Naomba mwongozo kwa wanaoifahamu kazi hii. Wanandoa wameshatengana, wana watoto wawili walio chini ya miaka 10 na nyumba moja ambayo mkopo wake benki haujaisha. Mmoja wao kahamia mji mwingine. Je, achukuliwe wakili wa pale pale mahakama ilipo, au yule wa mbali mwenye jina kubwa? Siku ya kwanza aulizwe nini? Na kwenye mkataba wa wakili, watu huponzwa na kitu gani? Naomba mambo ya kushikika, maana "tafuta mzoefu" nimeshaambiwa sana.

Mzani

Ndugu Subira, anza na mahakama, wakili aje baadaye. Watu hulipa wakili halafu ndiyo wanagundua shauri halikutakiwa kufunguliwa pale. Swali la kwanza kwa wakili liwe hili: "Mahakama ipi ina mamlaka ya kusikiliza jambo hili, na kuna sharti gani la kutimiza kabla ya kufungua?"

Masharti hayo hutofautiana sana. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mgogoro hupelekwa kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, na cheti chake kinaambatanishwa na maombi ya talaka, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Ukienda bila cheti, shauri linaweza kuondolewa kwa kuwa limeletwa kabla ya wakati, na ada uliyolipa imekwenda. California mmoja wa wanandoa lazima awe ameishi ndani ya jimbo miezi 6 na ndani ya kaunti miezi 3 kabla ya kufungua. Uingereza na Wales huwezi kuomba talaka kabla ndoa haijatimiza mwaka 1, na tangu Aprili 2022 huhitaji tena kuthibitisha kosa la mwenzako, ila unasubiri wiki 20 kabla ya kuomba amri ya kwanza, kisha wiki 6 nyingine kabla ya ile ya mwisho.

Hapo ndipo wakili wa karibu anapokuwa na faida. Anajua masjala ya mahakama ile inapokea nyaraka kwa mtindo gani, wito unapelekwa na nani, na mahakimu wake wanapenda wahusika wapitie usuluhishi kwanza au la. Wakili wa mbali anaweza kuwa bora kisheria, lakini kila kesi inapotajwa unamlipia safari, na kesi ikipigwa kalenda mara nne umelipia safari nne za kusikia tarehe mpya. Mimi ningemchukua wa mbali kwa sababu moja tu: pale mali au watoto wako nchi nyingine na anayeijua sheria hiyo ni yeye.

Jambo jingine ni leseni. Sehemu nyingi huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti cha zamani kilichoning'inizwa ukutani hakitoshi. Hakiki jina lake kwenye daftari la mawakili au kwa chama chao, mwaka huu huu. Nyaraka iliyoandaliwa na kishoka, yaani anayejifanya wakili bila leseni, inaweza kukataliwa hata kama imeandikwa vizuri.

Bi_Hesabu

Mimi nashika upande wa fedha, maana malalamiko mengi dhidi ya mawakili huanzia huko.

Kuna ada ya mkupuo, ada ya hatua kwa hatua, na ada ya saa. Ya mkupuo inafaa pale wote wawili wamekubaliana na kinachobaki ni makaratasi. Penye ubishi, omba ya hatua: kufungua, usuluhishi, kusikilizwa, hukumu, kila moja na bei yake. Kwa ada ya saa, uliza kipimo kidogo kabisa anachotoza. Mawakili wengi huhesabu kwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya kumi ya saa. Simu ya dakika 2 inaandikwa 6. Ukimtumia ujumbe mfupi mara 10 kwa wiki na kila mmoja ukahesabiwa peke yake, umenunua saa nzima. Kusanya maswali yako, yaandike kwenye ujumbe mmoja, tuma mara moja.

Tenganisha ada na gharama. Ada ni kazi ya wakili. Gharama ni malipo ya mahakama, kupeleka wito, mthamini wa nyumba, nakala zilizothibitishwa, mkalimani. "Bei yangu ni hii" haina maana mpaka ujue imebeba vyote viwili au kimoja.

Amana unayotanguliza iingie kwenye akaunti ya wateja, siyo ya ofisi. Ikipungua uletewe hesabu ya kazi iliyofanyika. Ikibaki irudishwe, na hilo liandikwe. Na akikwambia "nitachukua asilimia ya nyumba tukishinda", simama hapo. Kanuni za mfano za chama cha mawakili cha Marekani zinakataza ada inayotegemea kupatikana kwa talaka au kiasi cha matunzo na mali, na nchi nyingine pia zina makatazo ya namna hiyo. Sababu iko wazi: wakili wa hivyo anapoteza kipato wanandoa wakipatana.

Sasa tazama sentensi hii, inayoonekana haina neno: "Wakili atamwakilisha mteja katika shauri la talaka hadi hukumu." Haijataja amri za muda wakati kesi inaendelea. Haijataja rufaa. Haijataja kukazia hukumu mwenzako asipolipa matunzo, wala kuhamisha hati ya nyumba. Hayo yote yatakuja na ankara mpya. Talaka, watoto na mali ni mambo matatu; mkataba uyataje kwa majina, na useme nini hakimo.

Mzani

Naongeza kwa Bi_Hesabu: mkataba useme pia nani hasa atasimama mahakamani. Unaongea na mkubwa wa ofisi, kisha siku ya kusikilizwa anakuja kijana ambaye hajalifungua jalada. Siyo kosa kumtumia, na huenda ada yake ni nafuu, ila ujue mapema.

Mlezi_Mwema

Kuhusu watoto, naomba tusiharakishe kupita hapa.

Wakili anayekuahidi siku ya kwanza kwamba "watoto ni wako", mwache. Mahakama hutazama maslahi ya mtoto: nani amekuwa akimlea kila siku, shule iko wapi, usalama ukoje, na mara nyingi mtoto mwenyewe anasema nini kulingana na umri wake. Wakili mzuri atakuuliza nani humwamsha, nani humpeleka hospitali, mwalimu humpigia nani. Akiuliza hayo, anajua kazi.

Mwulize pia atachukua siku ngapi kuomba amri ya muda ya malezi na matunzo, kwa sababu kesi kuu inaweza kuchukua miezi mingi na watoto wanakula leo. Penye kipigo au vitisho, ombi la ulinzi ndilo litangulie, kabla hata ya talaka.

Huyo aliyehama asiwachukue watoto kuvuka mpaka bila ridhaa ya maandishi au ruhusa ya mahakama. Kwa nchi zinazotumiana Mkataba wa Hague wa 1980, mtoto wa chini ya miaka 16 aliyehamishwa kinyume cha haki anaweza kuamriwa arudishwe, na mzazi aliyeachwa akiomba ndani ya mwaka 1 nafasi yake ni kubwa zaidi. Akichelewa, mwenzake anaweza kujitetea kwamba mtoto ameshazoea makazi mapya.

Karani_Mstaafu

Subira, siku ya kwanza nenda na karatasi moja ya tarehe: ndoa, kuzaliwa kwa watoto, kutengana, ununuzi wa nyumba. Halafu cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya nyumba, mkataba wa mkopo, taarifa za benki za miezi 12, na ushahidi wa kipato. Ukimlipa wakili akutafutie cheti, unalipa bei ya wakili kwa kazi ya tarishi.

Kabla hujasimulia chochote, taja jina la mwenzako na uulize kama ofisi imewahi kumhudumia. Likigundulika katikati ya kesi, wakili atajitoa nawe utaanza upya.

Na mkopo wa nyumba: hukumu inaweza kusema mmoja abaki na nyumba na aendelee kulipa, lakini benki haikuwa sehemu ya kesi hiyo. Wote waliosaini mkopo wanabaki kudaiwa mpaka benki yenyewe imwondoe mmoja kwa maandishi au mkopo uandikwe upya. Wakili asipoligusa hili, liulize wewe.

Subira_K

Nashukuru sana. Je, wakikubaliana, wakili mmoja anaweza kuwahudumia wote ili kupunguza gharama? Na akimkosea mteja, anabadilishwaje?

Mzani

Kwa kawaida mmoja hawezi kuwashauri wote, maslahi yao yanagongana hata wakiwa na amani. Njia ya nafuu ni wakili wa mmoja aandae makubaliano, mwingine alipie saa moja au mbili za wakili wake ayasome kabla ya kusaini. Kisha yapelekwe mahakamani yawe amri. Bila hapo ni karatasi ngumu kuikazia.

Kumbadilisha inaruhusiwa. Omba kwa maandishi hesabu ya mwisho, salio la amana na jalada, na wakili mpya awasilishe taarifa ya mabadiliko mahakamani. Sehemu nyingi wakili wa zamani anaweza kulizuia jalada mpaka alipwe anachodai, kwa hiyo malizana naye kwanza na uchukue risiti. Usibadilishe wiki ya kusikilizwa: mpya atahitaji kuomba ahirisho, na mahakama ikikataa ataingia bila kusoma.