Mnaopika mara moja mkagandisha kwenye friza, tupeane uzoefu

MamaMapacha
Habari za jioni wapendwa. Jana mdogo wangu alinikuta natoa maharage kwenye friza, akaniuliza, "Dada, na wewe umefika huko?" Nimefika, tena mwaka wa 3 sasa.

Ilivyoanza: natoka kazini Posta saa 11, nafika Mbagala saa 1 na nusu foleni ikiwa ya huruma. Watoto wana njaa, dada wa kazi nilikuwa sina. Maharage gani yataiva saa hizo? Basi Jumatatu chipsi mayai, Jumatano chipsi kuku, siku nyingine wali na kachumbari tukalale. Mwisho wa mwezi nikakaa nikajumlisha hela ya chipsi. Sikumwambia mtu jibu nililopata.

Sasa hivi kila baada ya wiki 2 naloweka kilo 3 za maharage Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nabandika jiko la mkaa uani huku nafua. Nayaivisha matupu, bila chumvi wala nazi, nayaacha yapoe kabisa ndipo nagawa kwenye vikopo 12 na maji yake kidogo. Kikopo kimoja ni mlo wetu watu 4. Nikifika jioni nakaanga kitunguu na nyanya, natumbukiza, tui juu, dakika 20 tunakula. Mkaa unawaka siku 1 badala ya 6, na mtungi wa gesi wa kilo 6 uliokuwa unaniishia kabla ya mwezi sasa unauvuka.

Karibuni, na nyie mnagandisha nini? Na mliokwama semeni pia.

Wa_Nakuru
Dada, kwetu Kenya hapo mmechelewa kidogo, haha. Githeri, yaani mahindi na maharage, tunachemsha Jumapili sufuria kubwa, tunapakia mikebe ya wiki nzima. Leo unakaanga na nyanya, kesho unaweka viazi na karoti, kesho kutwa unaponda mukimo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 mimi hutumia mikebe ya siagi, na hapo ndipo shida: mgeni anafungua friza kutafuta siagi ya mkate anakutana na ndengu.

Ushauri mmoja. Usijaze mkebe hadi juu. Maji yakiganda hufura. Niliweka supu ya mifupa kwenye chupa ya glasi, nikaikuta asubuhi imepasuka, supu na vigae pamoja. Nilitupa yote.

Baba Kijacho
Naomba niwe mkweli, mimi nilikuwa mpinzani. Mke wangu alipoanza nilisema sili kiporo. Kwetu Bukoba mama alikuwa anapika ndizi asubuhi, mchana anapika nyingine. Nikaona mwanamke anatoa jiwe jeusi kwenye friza, ananiambia ni kisamvu.

Kikapashwa. Nikala. Nikaongeza. Hapo ndipo akaniambia kilipikwa wiki 3 zilizopita, na wiki nzima iliyotangulia nilikuwa nakula vya friza bila kujua na kusifu juu.

Tangu hapo kutwanga kisamvu ni kazi yangu, maana kinataka kinu na kinataka kuchemka muda mrefu mpaka kilainike, haiwezekani mtu akakifanya siku ya kazi. Tunachemsha cha mara 5, tunagandisha kikiwa hakina nazi wala karanga. Hivyo vinaingia siku ya kula.

MamaMapacha
@Baba Kijacho mkuu, umenichekesha mpaka nimemwaga chai. Mwambie mkeo nampa mkono.

Bi Shaabani
Assalamu alaykum. Huku Unguja hakuna mwanamke asiyejua friza linavyookoa mwezi wa Ramadhani. Sisi tunaanza Shaaban. Tunakaa ukumbini mimi, wifi zangu 2 na mama mkwe, mmoja anakata manda za kufungia sambusa, mmoja anajaza nyama, mimi nafunga kwa uji wa unga. Mwaka huu tumefunga sambusa 400 kwa siku 2, pamoja na katlesi.

Siri iko kwenye kugandisha. Usizitupie zote kwenye mfuko mmoja zikiwa laini, zitashikana na siku ya kukaanga utazichana. Zipange kwenye sinia zisigusane, zigande kwanza, ndipo uzimimine kwenye kopo. Na wakati wa kukaanga zitoe kwenye baridi ziingie mafutani moja kwa moja, moto wa wastani. Ukisubiri ziyayuke manda zinalowa, zinafunguka, nyama inaelea kwenye karai.

Faida yake si sambusa tu. Jioni kabla ya futari ulimi mkavu, kichwa kinauma, na bado hujasali alasiri. Mimi saa hiyo nakaanga 12, napika uji, basi. Kumi la mwisho naenda msikitini kama watu wengine. Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu nililijua jiko tu.

Na juisi ya mabungo pia, msimu wake mfupi. Nayatoa kokwa, nagandisha rojo lake.

Wa Kinyerezi
Nimekuja kuharibu sherehe. Mwishoni mwa 2023, ule mgao wa umeme mnaukumbuka. Nilikuwa na nyama kilo 8, samaki, maharage, tui la nazi nilizokuna mwenyewe. Umeme ukakatika Ijumaa jioni, haukurudi mpaka Jumapili asubuhi. Na mimi kwa wasiwasi kila saa nafunua friza kuangalia kama vimeyeyuka. Viliyeyuka, tena haraka, kwa sababu nilikuwa navifunua! Nilitupa karibu vyote, jirani akaja kuuliza kama kuna panya amekufa.

Nilichojifunza kwa gharama ile: friza iliyojaa pomoni, isipofunguliwa, inahimili hata siku 2. Iliyo nusu tupu ni siku 1 hivi. Kwa hiyo mimi sasa nikiwa na chakula kidogo najazia chupa za maji zilizoganda. Umeme ukikatika hakuna anayegusa mfuniko, watoto nimewaapisha.

Tena kuna hili mjaribu mkiwa mnasafiri. Gandisha maji kwenye kikombe, juu ya barafu weka sarafu ya 200, kirudishe ndani. Ukirudi kutoka kijijini ukaikuta sarafu imezama chini, jua umeme ulikatika muda mrefu na vitu viliyeyuka vikaganda tena. Hapo usijidanganye, tupa nyama. Kama bado iko juu, kula kwa amani.

Mama Mpya
Mimi nilijifungua kwa upasuaji mwezi wa 4, mama yangu ni marehemu, na mama mkwe yuko mbali. Miezi 2 kabla nilikuwa kila nikipika mchuzi wa kuku au supu ya makongoro napika mara mbili yake, nusu friza. Nilibandika karatasi: jina na tarehe. Mume wangu hajui kupika ila kusoma anajua.

Usiku wa kwanza kutoka hospitali alinipashia supu ya makongoro niliyoipika mwenyewe nikiwa na tumbo la miezi 8. Nililia. Sijui ni homoni au ni supu.

MamaMapacha
Mama Mpya, hongera sana shost, na pole na kovu.

Fundi Jiko
Napika kwa watu, nawaongezea machache. Mchuzi wenye viazi mviringo usigandishe, ukiyeyuka kiazi kinakuwa kama sponji. Viazi vitie siku ya kula. Mayai ya kuchemsha yanakuwa mpira. Tui likiyeyuka linakatika, msiogope, likoroge kwenye moto mdogo. Chapati zinakubali vizuri mno, weka karatasi kati ya moja na moja. Nyanya zikishuka bei nunua tenga, chemsha, saga, gandisha. Wali usiuache mezani kutwa halafu ukakimbilia friza, upoze haraka uingie, maana baridi haiui uchafu ulioshaota, inausimamisha tu.

Bachela_Tegeta
Wakuu mimi sina friza, nina kile kichumba cha juu cha friji ndogo. Kinaingia vikopo 5. Inafaa kuanza?

MamaMapacha
Inafaa kabisa kaka. Anza na maharage vikopo 3, na kitunguu swaumu na tangawizi umesaga ukagandisha kwenye vile vibao vya barafu, ukipika unadondosha kimoja. Nafasi inayobaki usiweke bia, najua unawaza hivyo.

Bachela_Tegeta
Umejuaje dada 😂. Sawa, Ijumaa naloweka. Kilo moja inatosha?