Kiingilio 5,000, tumelipa 47,000 na ziwa hatukuliona: mnara wa "mmekuja na kampuni gani?"

Wakuu mwangaluka.

Naandika hasira bado haijashuka, kwa hiyo mtanivumilia. Jina la sehemu silitaji, sitaki kesi mimi, ila kama uko Mwanza na una Instagram basi ule mnara umeshauona. Uko juu ya kilima upande wa Ilemela, umejengwa kwa mawe mfano wa kihenge cha Kisukuma: tumbo nene, shingo nyembamba, juu paa la nyasi kama kofia. Chini hawakujenga kitu, ni jiwe lenyewe, haya mawe yetu ya kijivu, kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu. Ngazi zinalizunguka kwa nje mpaka zinaingia tumboni mwa kihenge. Nisiwe mnafiki, kitu kimesimama. Aliyekichora na fundi wake siwadai neno. Ninaowadai ni waliopewa funguo.

Niliyempeleka ni mzee wangu, ana miaka 71. Kafanya kazi mv Victoria miaka 26, chumba cha injini. Mliowahi kuipanda kwenda Bukoba mnajua ilivyokuwa, inang'oa nanga usiku, unaamka asubuhi uko Bukoba. Sasa wakati wewe abiria umelala, yeye alikuwa kule chini kabisa kwenye mafuta na kelele, maji yako juu ya kichwa chake. Alistaafu 2014, na mwaka huohuo meli nayo ikasimama. Meli ilikarabatiwa ikarudi kazini 2020, mzee hakurudi. Siku moja tumekaa nje kwenye msiba akasema, "Ziwa hili nimelivuka mpaka nimechoka, lakini sijawahi kukaa nikalitazama." Wiki iliyofuata mwanangu wa miaka tisa akamwonyesha picha ya mnara kwenye simu. Ndiyo safari ikaanzia hapo.

Kwenye ukurasa wao wameandika kwa herufi kubwa: KIINGILIO 5,000 TU, KARIBUNI WOTE. Nikapiga hesabu, watu watatu, nauli, chakula, tunarudi na chenji. Sina gari, na sikuona haja ya kukodi. Jumapili saa mbili na nusu asubuhi tukatoka Nyakato, daladala mbili, halafu boda mbili za kupandisha kilima. Mzee kavaa suruali yake ya kazini iliyopigwa pasi na ile kofia ya meli. Dogo kabeba chupa yake ya maji. Njia ya juu ni mbovu ila inapitika, boda wanaijua, elfu tatu kila mmoja.

Getini kuna mdada amekaa chini ya mwavuli. Salamu tukasalimiana vizuri tu, halafu akauliza:

"Mmekuja na kampuni gani?"

Nikadhani anauliza kazi. Nikamwambia mimi nauza spea za pikipiki mjini.

"Hapana kaka, kampuni ya utalii."

"Tumekuja wenyewe."

"Aaa. Basi nyie ni binafsi."

Akafungua daftari, kaunta buku la kawaida, akalipindua mpaka ukurasa wa mwisho kabisa. Hapo bei zimeandikwa kwa peni: binafsi mkubwa 15,000, binafsi mtoto 7,000. Nyuma yake kuna ubao mkubwa umepakwa rangi, 5,000 inang'aa. Namwonyesha ubao, ananijibu hiyo ni ya kampuni. Namuuliza kwa nini binafsi azidishiwe mara tatu, eti "kampuni wanatuletea wateja." Dada yangu, na mimi nimekuletea wateja, hawa hapa watatu, nimewatoa Nyakato kwa nauli yangu!

Wakati tunabishana ikaja Noah ina stika ubavuni, wakashuka watu sita, wakalipa elfu tano tano mbele ya macho yetu, wakapita. Mmoja wao nilimsikia anamwambia mwenzake wametoka Buzuruga. Yaani majirani zangu.

Nilitaka kugeuza. Nilivyomwangalia mzee ameshika fimbo ya geti anatazama juu kule kwenye nyasi, nikatoa simu nilipe. Nikaingiza lipa namba, jina likaja la mtu, si la biashara. Nikauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, naambiwa mashine mbovu. Nikapewa kipande kilichochanwa kwenye lile daftari: "watu 3". Bila tarehe, bila kiasi. Ninacho hapa mezani, kimeshaanza kulowa.

Haijaisha. "Halafu binafsi lazima wachukue gaidi."

Mzee akashtuka. "Gaidi wa nini tena?"

Kumbe mwongoza watalii. Elfu tano nyingine. Na maegesho elfu moja kwa kila pikipiki, pikipiki zenyewe zimeshusha watu na zimeshageuza zinaondoka. Nikalipa, maana boda walikuwa wanazuiwa kutoka na wao ni watu wa kutafuta, kosa lao liko wapi? Chupa ya dogo ikachukuliwa, vinywaji vya nje haviruhusiwi. Ndani maji madogo ni 1,500. Tukanunua mawili. Jumlisheni wenyewe, inakuja 47,000, nauli sijaweka.

Sasa huyo mwongozaji. Kijana mdogo, simu haimtoki mkononi. Maelezo yake yalikuwa mawili. La kwanza, kwamba ziwa letu la Victoria ndilo lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Mzee akasimama ngazini akamwangalia kwa huruma. "Mwanangu, Tanganyika umeiacha wapi?" Tanganyika inakwenda chini zaidi ya mita 1,400, la kwetu hata penye kina chake kikubwa halizidi sana mita 80. La kwetu ni kubwa kwa upana, karibu kilometa za mraba 69,000, hilo ndilo la kujivunia. La pili, eti Speke, yule mpelelezi Mwingereza, aligundua ziwa akiwa kwenye kilima hikihiki.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Kilima kinachotajwa ni Isamilo, mjini kule, tarehe 3 Agosti 1858. Na kugundua alimgundulia nani, wakati watu walikuwa wanavua, wanalima na wana watemi wao? Halafu jioni nimekaa nikacheka peke yangu. Speke mwenyewe asingelipishwa bei ya binafsi! Alikuja na kampuni, katumwa na jumuiya ya wanajiografia ya London. Mwenzake Burton alikuwa amebaki anaumwa kule Kazeh, Tabora ya leo, na mwongozaji wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao, mtu aliyeijua kazi. Na misafara ile njiani ililipa hongo kwa watemi, enzi hizo hongo ikiwa ni ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu. Maana ya hilo neno leo mnaijua. Sisemi kitu.

Turudi ngazini. Nilihesabu 112. Vyuma vya kushikilia vipo, ila kuanzia pale ngazi zinapoingia ndani viwili vinacheza, ukiegemea unasikia saruji inamong'onyoka. Mzee alipanda mdogo mdogo, anapumzika, anapanda. Hakulalamika hata mara moja. Kuna ghorofa ya katikati yenye benchi na kidirisha kimoja, upana wake kama tofali mbili. Tukafika hapo, mlango wa kwenda juu umefungwa kwa komeo.

Juu kuna watu wanapiga picha za bethidei. Wamekodi.

Namuuliza kijana mbona hamkusema getini, anasema yeye ni wa kuongoza tu, mambo ya juu siyo yake. Tusubiri dakika kumi. Tukasubiri. Muziki unapigwa juu ya vichwa vyetu, vumbi la nyasi linadondoka. Dakika kumi zikawa nusu saa, zikawa saa nzima na ushee. Mzee akasogea kwenye kidirisha akaweka uso. Nikamuuliza, "Unaona nini baba?" Akasema, "Naona bati la jiko lao." Kidirisha kinaangalia nyuma, kilimani, wala hakielekei ziwani! Dogo naye akachungulia, akasema kaona pimbi juu ya jiwe. Basi hicho ndicho kivutio tulichokiona kwa 47,000: pimbi, na mjusi mmoja mwenye kichwa chekundu. Nyumbani Nyakato nawaona bure nikifungua mlango wa uani.

Kwenye saa nane hivi hali ya hewa ikageuka. Wenyeji mnajua ziwa hili likikasirika halitoi barua. Upepo ukaja wa baridi, giza upande wa maji, radi ikapiga ya kwanza. Wale wa bethidei wakateremka mbio viatu mkononi, wakatupita. Mlango sasa uko wazi. Mzee akataka kupanda, zilibaki ngazi labda ishirini. Nikamzuia mimi. Nimeangalia lile paa tangu chini, fimbo ya kinga ya radi sijaiona. Mnara umesimama juu ya kilima, hakuna mti wa kuuzidi, vyuma vimezunguka kote, na ukanda huu wa ziwa ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Wenye mnara mnijibu hilo hata kama la hela mtalikalia kimya: kinga ipo au haipo? Kama ipo imefichwa wapi?

Tukashuka kwenye mvua, mimi mbele, mzee kanishika bega, dogo nyuma. Ngazi za mawe zikilowa zinateleza kama zimepakwa sabuni. Mwongozaji alishafika chini zamani.

Getini nikaomba angalau nusu ya hela, au tuandikiwe turudi siku nyingine. Msimamizi akaja, jamaa mstaarabu kwa maneno, akaniambia, "Mkuu, mngekuja na kampuni mngekuwa mmeshapangiwa muda." Huo ndio msumari wenyewe. Kumbe kosa langu lilikuwa kutoka nyumbani kwangu na baba yangu na mwanangu bila kupitia kwa mtu wa kati.

Mimi ni mfanyabiashara, sipingi bei. Mali yako, panga unavyotaka. Ukisema 15,000 iandike ubaoni kwa rangi ileile ya ile 5,000, mtu aamue akiwa kwake. Usimngoje apande kilima na mzee wa miaka 71 ndiyo ufungue ukurasa wa mwisho wa daftari.

Na nisiambiwe ndivyo utalii ulivyo. Kisiwa cha Saanane nimekwenda mwenyewe, nimetembea kwa mguu mpaka ofisini kwao Capri Point, nimelipia, nimepanda boti. Bujora, makumbusho ya Wasukuma, nimekwenda mara mbili kwa daladala la Kisesa, na ile nyumba yao iliyojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi niliizunguka nilivyotaka. Kaanzisha padri Mkanada, David Clement, pakatunzwa, na yule mama aliyetuongoza alijua kila ngoma pale ilikotoka. Sehemu zote hizo sijaulizwa kampuni. Kwa hiyo inawezekana, na inawezekana hapahapa Mwanza.

Ninachotaka ni kimoja, tofauti ya bei. Kwa bei ya ubao ni 10,000 ya wakubwa wawili, na mtoto ubaoni ni 2,000. Jumla 12,000. Nyingine zote mrudishe. Lipa namba mnayo, jina la huyo ndugu yenu ninalo kwenye meseji, ila sitaliweka hapa.

Wanaotaka kwenda na familia bila kampuni: piga simu kwanza uulize kama juu kumekodiwa, nenda asubuhi kabla mawingu hayajajikusanya, na hela ya maji weka pembeni. Kama kuna mdau alienda binafsi akatendewa vizuri, aje aseme, sitabisha.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimewaandikia kwenye ukurasa wao kwa adabu kabisa, na kile kipande cha daftari nimekipiga picha nikakituma. Wamenizuia, sasa hata ule ukurasa siuoni.

NYONGEZA ya pili: Mzee kasikia namsomea mama watoto huu uzi. Kaniuliza Jumapili ijayo tunaondoka saa ngapi. Namwambia baba, hawa watu wanataka kampuni. Kanyamaza, kamalizia chai yake, halafu akasema kofia anayo, niandike stika yoyote nibandike kwenye boda.