Nichague uhalisia pepe au uhalisia ongezwa kwa wageni wa Fort Jesus?

Mtembezaji wa Kibokoni: Assalamu alaikum wanajamvi. Mimi huwatembeza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale, na ninataka waione Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira. Kinachonifaa ni uhalisia pepe au uhalisia ongezwa? Sipati usingizi.

Fundi Simu: Ndugu, uhalisia pepe humfunika mtu macho kwa miwani, asione ila kilichochorwa na kompyuta. Uhalisia ongezwa humwachia bahari ile ile anayoitazama, na simu ikaichora merikebu juu ya picha ya kamera. Wageni watakuwa wameketi au wanatembea? Umeshalipa chochote?

Bint Makadara: Mimi nilivalishwa miwani hiyo harusini. Macho yakasema ninateremka mlima, sikio la ndani likasema nimeketi. Pilau yote ikarudi.

Mtembezaji wa Kibokoni: Nimetoa arubuni ya miwani minne, kwa pesa za chama. Tutaivaa juu ya ukuta, mchana. Lakini simu wageni wanazo tangu kwao, watastaajabu nini? Kwa miwani, mtu atakuwa ndani ya merikebu yenyewe.

Mzee wa Likoni: Pesa za chama ni amana, mwanangu. Wenzako wana habari?

Fundi Simu: Juu ya ukuta! Lenzi zile zikielekea jua hulikusanya na kuiunguza skrini iliyo nyuma yake, na mgeni asiyeiona miguu yake utamwachaje ukingoni? Simu nayo ina taabu yake, kwani hutafuta alama zisizosogea ili ijue iko wapi, na mawimbi hayatulii; bora ielekezwe penye mawe ya ngome. Tena si kila simu ya Android inayokubali ARCore, programu ya Google ya uhalisia ongezwa.

Mla Mahamri: Kisa hiki kimetungwa. Ngojeni, atatokea "rafiki" yake anayeuza miwani.

Mtembezaji wa Kibokoni: Wallahi siuzi kitu. Basi wataivaa kivulini, wameketi.

Fundi Simu: Hapo sawa. Miwani ya Meta Quest 3 ya mwaka 2023 ina hata kamera za rangi zinazomwonyesha mvaaji mahali alipo, ikafanya kazi zote mbili. Uliyolipia ni ya aina gani?

Mtembezaji wa Kibokoni: Ni ile ya kutia simu ndani. Mgeni atatia yake.

Bint Makadara: Kwa hiyo jua likipiga, itakayoungua ni simu ya mgeni!

Mzee wa Likoni: Bado hujanijibu kuhusu wenzako.